“Macho Ni Yako”: Neno Linaloiba Sokoni



Neno tunalotaka kulipiga vita leo ni fupi, tena kila mtu analijua. Ni hili: “Macho ni yako.” Hutamkwa kila mahali panapouzwa kitu kilichokwisha kutumika, na siku hizi hutamkwa zaidi pale panapouzwa pikipiki za okazioni. Mnunuzi auliza: “Ndugu, mashine hii haina kasoro?” Muuzaji ajibu: “Macho ni yako.” Basi watu hucheka, fedha huhesabiwa, na muuzaji huenda zake akijiona mtu wa akili na tena mtu asiye na dhambi. Kwani alisema uwongo? Hakusema. Alinyamaza tu.

Sisi twasema wazi: kunyamaza kwa namna hiyo ni kuiba. Tena kwa pikipiki kwaweza kuwa kuua. Tutaeleza kwa nini, nanyi mtatuhukumu. Lakini kwanza sharti tuungame, kwani neno hilo baya sisi wenyewe tumelisema.

PIKIPIKI YA MISIONI

Parokia yetu iko kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Vijiji vyake viko mbalimbali. Njia zake ni za mawe na mchanga, na wakati wa mvua ni matope matupu. Gari haifiki kila mahali, pikipiki inafika. Humpeleka katekista kwa wanafunzi wake, mgonjwa kwa mganga, mwalimu mjini kuchukua mshahara wake, na samaki wa mvuvi sokoni kabla hawajaoza. Haja hiyo wamisionari waliijua zamani. Padri Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati, alianzisha mwaka 1927 chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya kusafiria. Alifanya hivyo kwa sababu rafiki yake, Padri Otto Fuhrmann, alikufa katika nchi iitwayo leo Namibia kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi hospitalini.

Basi sisi si watu wa kudharau pikipiki. Wala hatudharau pikipiki iliyotumika. Pikipiki mpya hutengenezwa mbali, Uhindi au Uchina. Ili ifike kwetu hupanda meli mpaka Dar es Salaam, halafu husafirishwa mpaka Kigoma, halafu huvuka ziwa. Na kila inapopumzika, bei yake hupanda. Wangapi wanaweza kuilipa? Maskini hununua ile ambayo mwenyewe wa kwanza amekwisha kuila ujana. Hakuna aibu. Pikipiki ya zamani iliyotunzwa yashinda mpya iliyoteswa. Kasoro si dhambi, maana chuma huchoka kama mtu anavyochoka. Dhambi ni kuificha.

Misioni yetu ilikuwa na pikipiki moja ya kazi. Nayo tuliinunua ikiwa imetumika, ikatufaa miaka mingi. Siku moja katekista aliyeiendesha aliangukia mtaroni. Yeye alipona na michubuko tu, lakini shasi ilipata ufa shingoni, pale chini ya gidoni panapobeba kishindo chote cha gurudumu la mbele. Fundi akauchomelea ule ufa, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi. Akatuambia: “Itaenda. Lakini msiipakie mizigo mizito, na mwitazame hapa kila mwezi.” Tukaitazama kila mwezi. Ikaenda karibu miaka miwili.

Halafu tukapata nyingine, tukaamua kuuza ile ya zamani. Akaja kijana mmoja wa parokia, baba wa watoto watatu, mtu wa sala, asiyelewa. Alitaka kufanya kazi ya motari, kuchukua abiria na mizigo. Alikuwa ameuza mbuzi sita na bidoni zote za mafuta ya mawese alizoziweka akiba, tena zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Akaizunguka ile pikipiki, akaiwasha, akaizima. Akauliza kwa adabu: “Padri, kuna jambo ninalopaswa kulijua?” Nasi tukajibu kwa kicheko: “Macho ni yako, mwanangu. Itazame.”

Aliitazama. Rangi aliiona; ufa hakuuona, maana kuficha ndiyo kazi ya rangi ile. Na kusema kweli hakutazama sana, kwani mashine ilitoka misioni, naye aliamini kwamba misioni haifichi. Twaomba msomaji alipime jambo hilo. Yule kijana alituletea fedha yake pamoja na imani yake kwetu. Sisi tukapokea vyote viwili, tukampa chuma kibovu.

Mwezi wa nne baadaye, kwenye mteremko, akiwa amempakia mama mmoja na gunia lake la muhogo, shingo ya pikipiki ikakatika. Kijana akatupwa kando ya njia, akaumia bega. Mama akavunjika mguu mahali pawili. Mungu ashukuriwe, hawakufa. Lakini mama yule leo anatembea kwa fimbo, na ukimwona Dominika akipanda ngazi za kanisa utaelewa kwa nini twaandika ukurasa huu.

Kijana hakuja kugombana. Alikuja jioni, mkono umefungwa kwa kitambaa, akaweka mezani kipande cha shasi. Upande mmoja wa kile chuma ulikuwa unang’aa: ndio uliokatika siku ile. Upande wa pili ulikuwa na kutu ya zamani. Akasema maneno mawili tu: “Padri, mlijua?”

Tulijua. Tukarudisha bei yote, tukalipa hospitali ya mama na ya kijana. Wengine wakasema kwamba tumezidisha wema. La, ndugu! Huo haukuwa wema, ulikuwa deni. Mwizi akirudisha kitu alichoiba hatoi sadaka. Analipa, tena analipa nusu tu, kwani mguu wa mama hatukuweza kuurudisha.

VISINGIZIO VINNE

Tangu siku hiyo tumezungumza na watu wengi wanaouza pikipiki: wakristu wenzetu, watu wa chama, hata waimbaji wa kanisani. Karibu wote wanatupa visingizio vile vile vinne. Tuvijibu kimoja kimoja.

Cha kwanza: “Mnunuzi ana macho, kama hakuona, kosa ni lake.” Jibu letu: macho huona ngozi, hayaoni mifupa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa katika karne ya 13, alilichungua jambo hili hili katika kitabu chake kikubwa cha teolojia. Wakati ule pikipiki hazikuwako. Watu waliuza farasi. Je, muuzaji anapaswa kutaja kasoro ya mnyama wake? Jibu lake ni la mtu mwenye kipimo. Kama kasoro yaonekana wazi, kwa mfano farasi mwenye jicho moja, na bei imepunguzwa kwa haki, muuzaji halazimiki kupiga kelele. Kila mtu anaona. Lakini kama kasoro imefichika, na yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji ana wajibu wa kuisema. Farasi kilema akiuzwa kama farasi wa mbio, huo ni udanganyifu.

Mtu akisema kwamba hayo ni maneno ya mapadri, hayafai sokoni, na asome sheria ya nchi yetu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano yasema vilevile: muuzaji hajibu kwa kasoro ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe, bali anajibu kwa zile zilizofichika. Tena kama alizijua akanyamaza, hurudisha bei na kulipa pia hasara zilizotokea. Basi neno “Macho ni yako” halina kimbilio. Kanisani latupwa nje, na barazani latupwa nje.

Cha pili: “Nami niliuziwa hivyo hivyo.” Ndugu, ukipewa noti ya uwongo sokoni, je, una ruhusa ya kumpa mama mjane noti ile ile? Sisi Wakongomani ni hodari mno kwa noti. Dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ncha ya ukucha twaikataa. Twaigeuza juani, twaipapasa kwa vidole, twairudisha kwa hasira. Lakini pikipiki yenye ufa shingoni twaiuza jioni, taa imepungua, tukicheka. Aliyekudanganya alikuibia mara moja. Ukimdanganya mwingine, wizi wake umekuwa wako.

Cha tatu: “Bei nimeishusha, atajua mwenyewe.” Bei haina kinywa. Mnunuzi akiona bei ndogo atafikiri kwamba unahitaji fedha upesi, kwamba mtoto wako ni mgonjwa, au kwamba unamhurumia. Kama umeshusha bei kwa ajili ya kasoro, basi itaje kasoro, na bei itakuwa ya haki. Tena yako mambo ambayo bei haiyatakasi. Ni punguzo gani litoshalo kwa breki isiyoshika? Ukiuza sufuria yenye tundu kwa bei ya chini, mchuzi utamwagika. Ukiuza breki mbovu kwa bei ya chini, kitakachomwagika ni damu.

Cha nne ndicho kizito, nasi hatukidharau: “Nikisema kweli sitauza, na watoto wangu watakula nini?” Twaijua njaa ya watoto. Lakini tufikiri kwa utulivu. Hasara ipo kweli, maana mashine imeharibika. Swali ni moja tu: nani aibebe? Aliyeitumia miaka mingi na kula faida yake, au yule ambaye hajaipanda bado? Mnunuzi naye ana watoto, nao wanakula. Ukinyamaza, hukuwalisha watoto wako kwa jasho lako. Umewalisha kwa chakula cha watoto wa mwenzako.

Tena si kweli kwamba mkweli hauzi. Baada ya ajali ile tuliuza pikipiki nyingine ya misioni. Tuliandika katika karatasi kasoro tano, kubwa na ndogo. Tulipata fedha kidogo kuliko tulivyotaka, lakini ilinunuliwa siku ya tatu, na mnunuzi wake bado anatusalimu njiani. Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi twaongeza kwamba hata kibaya chaweza kuuzwa kwa haki, kama mwenyewe anakubali kukiita kibaya.

YANAYOFICHWA

Sasa tutaje hila zenyewe. Twaziandika kwa faida ya mnunuzi, lakini zaidi twaziandika kwa muuzaji, ajue kwamba zinajulikana.

Injini huwashwa mapema, kabla mnunuzi hajafika, ili asione jinsi inavyosumbua kuwaka ikiwa baridi. Basi mnunuzi aiguse injini kwanza kwa uangalifu. Ikiwa ina joto, na aulize: nani ameiwasha, na kwa nini? Aseme kwamba atarudi kesho asubuhi.

Hutiwa mafuta mazito ndani ya injini, ili kelele za vyuma vilivyokwisha kulika zinyamaze kwa siku chache. Lakini moshi hauna adabu ya kunyamaza. Injini ya mipigo minne ikitoa moshi wa buluu, inaunguza mafuta yake yenyewe: segimenti za pistoni zimekwisha, au sehemu za valvu. Moshi mweusi ni dalili ya esansi kupita kiasi, na pengine fundi huutengeneza kwa kazi ndogo tu.

Kompteri ya kilomita hukatwa kamba yake, au hubadilishwa, ili pikipiki iliyozunguka jimbo zima ionekane kijana. Basi usiamini hesabu. Tazama mpira wa mahali pa kuwekea miguu, mishikio ya gidoni na kiti. Namba yaweza kubadilishwa kwa dakika chache, lakini mpira uliolika husema umri wake.

Mipira ya magurudumu hupakwa rangi nyeusi ing’ae. Soma ubavuni: tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho zaonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Ikiandikwa 2319, ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

Mnyororo hukazwa siku ile ya kuuza. Tazama meno ya gurudumu la nyuma linalovutwa na mnyororo: yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja, yote pamoja na mnyororo ni ya kubadilishwa.

Mwisho ni shasi na shingo. Mtu mmoja aishike pikipiki, gurudumu la mbele liwe juu, nawe ugeuze gidoni polepole. Ikikwama katikati, au ikicheza mbele na nyuma, shingo imelika. Halafu tazama chini ya tangi na chini ya shingo. Rangi mpya mahali pamoja tu, na mahali pengine rangi ya zamani, kuna habari chini yake. Uliza habari hiyo. Sisi laiti tungaliulizwa mara ya pili, pengine tungaliona haya!

NAWE MNUNUZI

Mnunuzi asifurahi kupita kiasi akidhani kwamba lawama yote ni ya muuzaji. Yuko mnunuzi ambaye naye hunyamaza kwa makusudi. Anaonyeshwa pikipiki nzuri kwa nusu ya bei. Karte roze hakuna. Muuzaji asema kwamba imesahauliwa kwa shangazi. Plaki imeng’olewa. Namba ya shasi imekwanguliwa kwa tupa. Mnunuzi anaona yote hayo, lakini haulizi. Akishikwa asema: “Sikujua, maana sikuuliza.”

Ndugu, “sikuuliza” ni ndugu pacha wa “macho ni yako”. Muuzaji hufunga kinywa ili asiseme. Mnunuzi hufunga masikio ili asisikie. Wote wawili wanajua. Sheria ya makosa ya nchi yetu, dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, yamwadhibu mwizi, tena yamwadhibu mwenye kupokea mali iliyoibwa. Mbele ya dhamiri jambo ni hilo hilo: pikipiki iliyoibwa si yako hata ungeilipia mara mbili. Ina mwenyewe. Naye pengine ni motari kama wewe, ambaye asubuhi alikuta kamba imekatwa na uwanja mtupu.

Kuchungua si kazi ngumu. Namba ya shasi hupigwa kwenye chuma, mara nyingi shingoni. Namba ya injini hupigwa kwenye injini yenyewe. Pikipiki nyingi za siku hizi zina namba ya shasi yenye alama 17, tarakimu na herufi pamoja. Herufi I, O na Q hazitumiki humo, kwa kuwa zafanana na tarakimu. Ukiona mojawapo, mkono wa mjanja umepita. Herufi ya kwanza yaonyesha upande wa dunia ilikotengenezwa: za Japani huanza kwa J, za Uchina kwa L, na za Uhindi kwa M. Linganisha namba zote na karatasi, moja baada ya moja, wala usione haya kukawia. Mtu mwema hatakasirika; atakushikia taa.

Na ukiisha kununua, enda ofisini ukaibadilishe karte roze iandikwe jina lako. Mapikipiki mangapi hupita mikono mitano, na karatasi ingali na jina la mtu wa kwanza! Siku ya ajali hutafutwa mtu asiyejua kitu, na mwenye kosa hufichwa na jina la mwingine. Huo nao ni uwongo, ingawa umezoeleka.

ABIRIA NAYE NI MNUNUZI

Liko jambo moja tunalotaka lisisahauliwe. Yule mama aliyevunjika mguu hakununua pikipiki. Alilipa nauli tu. Lakini kwa nauli ile alinunua, kwa nusu saa, breki za kijana, mipira yake, mnyororo wake na shingo ya shasi yake. Hakupewa nafasi ya kuzichungua. Abiria hawezi kuinua gurudumu la mbele kabla ya kupanda! Yeye hana hata yale “macho ni yako”. Anayo imani tu.

Kwa hiyo kila mwenye pikipiki ni muuzaji kila siku, asubuhi na jioni. Motari anayejua kwamba breki yake ya nyuma haishiki, naye ampakia mama mwenye mtoto mgongoni, amefanya kosa lile lile tulilolifanya sisi. Na bwana aliyemkabidhi kijana pikipiki, ambaye kila jioni apokea fedha yake lakini akiombwa fedha ya pyesi asema “ngoja mwezi ujao”, yeye ana kosa kubwa zaidi. Anakula matunda ya mti ambao hataki kuumwagilia maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kwa pikipiki, pengine utachimba kaburi.

Asuransi nayo ni ya namna hiyo. Sheria ya nchi yetu yamlazimisha mwenye chombo cha motari ya injini kuwa na asuransi ya kulipa madhara anayowatendea wengine. Wengi huiona kama kodi ya kuwatuliza polisi njiani. Lakini maana yake ni kumkumbuka mtu usiyemjua bado, yule utakayemgonga siku ambayo hukutaka.

Vilevile kofia ngumu. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali walitangaza mwaka 2008 kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Basi ziwe mbili: ya motari na ya abiria. Na hapa pia twaonya: usinunue kofia iliyokwisha kuanguka katika ajali. Ule mto mgumu wa ndani hujikunja mara moja tu ili kuokoa kichwa. Ukiisha kujikunja hauokoi tena, na kwa nje huwezi kuuona. Anayeiuza akinyamaza, mwajua sasa jina lake.

KARATASI YA KASORO

Kulaumu bila kuonyesha njia ni kazi rahisi. Basi hii ndiyo desturi tuliyoianza parokiani kwetu, nasi twawaomba wasomaji wa parokia nyingine waijaribu.

Mkristu akitaka kumwuzia mwenzake pikipiki, na wafanye mambo manne. Kwanza, mashine itazamwe mchana, injini ikiwa baridi. Pili, itazamwe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, wala si rafiki wa muuzaji. Naye alipwe kazi yake hata kama pikipiki haikununuliwa. Tatu, iandikwe karatasi yenye majina ya wote wawili, bei, tarehe, namba ya shasi na ya injini, na chini yake kasoro zote ambazo muuzaji anazijua: ajali iliyopata, mahali palipochomelewa, pyesi zilizo karibu kuisha. Kama hajui kasoro yoyote, na aandike hivyo kwa mkono wake mwenyewe. Nne, mashahidi wawili watie sahihi, na kila mtu apewe nakala.

Wengine walitucheka. Walisema kwamba ndugu kwa ndugu hawaandikiani. Sisi twajibu: ndugu kwa ndugu hawaibiani, kama ni kweli, karatasi itamdhuru nani? Mzee mmoja alituambia kwamba karatasi hiyo imemzuia kuuza. Tulimwuliza kwa nini. Akafikiri kitambo, halafu akasema: “Kwa sababu nilipoanza kuandika, niliona kwamba mashine hii haifai kuuzwa.” Aliivunja, akauza pyesi nzima mojamoja, na shasi akaitupa. Twamsifu hapa bila kumtaja jina. Alipata hasara sokoni, lakini jioni ile alilala usingizi.

Kile kipande cha chuma alichokileta kijana tumekiweka ofisini mwa parokia, juu ya meza, karibu na kitabu cha Ubatizo. Watu hukiuliza, nasi hueleza. Hatupendi kueleza, lakini hueleza. Na yule kijana? Amenunua pikipiki nyingine iliyotumika, kwa karatasi yenye kasoro tatu, nazo amekwisha kuzitengeneza zote. Ndiye anayempeleka mama yule kanisani kila Dominika, bila nauli.

Basi, ndugu, siku utakapouza pikipiki yako na mwenzako akikuuliza kama ina kasoro, usimtazame machoni na kumwambia kwamba macho ni yake. Mwonyeshe ufa kwa kidole chako. Maana asipoliuliza yeye lile swali, “Mlijua?”, yuko atakayeliuliza, naye hapokei kisingizio.